Wikendi za kufungua loji ya mlimani: wageni, mabomba na panya

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umekabidhiwa loji ya mlimani ya vitanda 20 hivi, imefungwa tangu theluji ya kwanza, na wenyewe wanataka uifungue kila wikendi majira haya ya kuchipua. Wageni waingie Ijumaa jioni, watoke Jumapili, na hapohapo katikati ukarabati uendelee. Umeuliza kama mtu mmoja anaiweza na aanzie wapi. Nimeifanya kazi hiyo misimu minne, nyumba nyingine lakini shida ni zilezile. Mtu mmoja anaiweza, ila si kwa ratiba waliyokupa. Waombe wikendi ya kwanza iwe ya nyumba peke yake, bila mgeni hata mmoja. Wakikataa, basi panda Jumatano.

Msimu wangu wa kwanza sikuomba. Nilifika Ijumaa saa nane mchana, wageni 11 wanatarajiwa jioni ileile. Nikawasha jiko la kuni, nikakimbilia maji, maana choo na jikoni vyote vinayasubiri. Nikafungua koki kuu, nikazunguka na tochi, kila jointi kavu. Nikajipongeza. Jumamosi mchana, moto umewaka usiku kucha na kuta zimeshapata joto, maji yakaanza kushuka kutoka dari ya bweni la chini, moja kwa moja juu ya godoro la mama mmoja aliyejilaza baada ya kutembea tangu alfajiri. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni akaleta sufuria, akaitega, akahamia kitanda cha jirani na kulala tena. Ningependa angenigombeza.

Baadaye nilielewa kisa cha maji yale. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, na bomba lililobakiza maji wakati wa baridi hupasuka. Aliyefunga nyumba alimwaga maji, simlaumu, lakini nyuma ya bafu la juu bomba lilikuwa limelegea na kufanya tumbo, pakabaki maji kidogo kwenye elbo, yaani kona ya bomba. Barafu ileile iliyolipasua ndiyo iliyoziba ufa. Ndiyo maana Ijumaa nilikuta kukavu. Nyumba ikiwa bado na baridi haikuambii ukweli.

Kwa hiyo moto kwanza, maji baadaye, na baadaye maana yake kesho. Acha nyumba ipate joto siku nzima, milango ya makabati yanayoficha mabomba ikiwa wazi. Kisha fungua koki kuu robo tu, huku bomba za mbali kabisa zikiwa zimeachwa wazi ili hewa itoke. Zitakohoa na kutema maji ya kutu, usiwe na wasiwasi. Funga moja baada ya nyingine kuanzia ya karibu, halafu pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila jointi. Karatasi huona unyevu ambao jicho halioni. Hita ya maji usiiwashe mpaka maji yatiririke bila kukohoa kwenye bomba lake la maji ya moto. Ikiwashwa tupu, inaungua.

Moto nao una masharti yake. Kabla ya kiberiti, chungulia bomba la moshi. Ndege hupenda kujenga humo nyumba ikiwa tupu, na theluji inaweza kuziba matundu ya hewa nje bila wewe kujua. Masizi mazito, yale meusi yanayong'aa kama lami, ni kuni mbichi za mwaka jana zinakukumbusha: mwite fundi wa mabomba ya moshi ayaondoe kabla hujawasha, maana brashi peke yake mara nyingi haiyatoi, nayo yanashika moto ndani ya bomba lenyewe. Jiko likirudisha moshi chumbani siku ya kwanza, mara nyingi ni safu ya hewa baridi iliyokaa kwenye bomba. Choma karatasi moja iliyosokotwa karibu kabisa na mdomo wa bomba, hewa ipande, ndipo uwashe kuni. Na weka king'ora cha monoksidi ya kaboni karibu na vitanda. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Wageni wakiamka na kichwa kinauma, usikimbilie kusema ni mwinuko. Watoe nje kwanza.

Sasa panya. Watu wengi hukosea hapa, na nina wasiwasi nawe utakosea, kwa sababu mkono wa mtu msafi ukiona mavi ya panya huenda kwenye ufagio. Usifagie. Mavi na mkojo wa panya vinaweza kubeba virusi vya hanta, na ufagio huvirusha hewani ukavivuta. Fungua madirisha nusu saa, wewe ukiwa nje. Rudi na glavu, nyunyizia dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, acha dakika 5 iloweke, kisha okota kwa karatasi na upige deki. Magodoro yaliyotobolewa toa nje, usiyafumbie macho. Tundu linaloingia kalamu ya risasi linaingia panya mdogo, kwa hiyo ziba kwa sufi ya chuma. Povu la kuzibia nyufa analitafuna.

Kuhusu gesi ya kupikia nitasema kidogo. Mtungi ukigoma asubuhi ya baridi ingawa una uzito, huenda umejazwa butani nyingi. Butani huacha kugeuka hewa ikikaribia nyuzi sifuri, propani huendelea hadi kama 42 chini ya sifuri. Agiza propani, na mtungi ukae nje ya nyumba. Usiumwagie maji ya moto, nimeona mtu akifanya.

Wageni ni rahisi kuliko mabomba, ukiwapa kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mlimani hiyo siku ya tatu haifiki, wameshashuka, kwa hiyo jembe lao wapewe Ijumaa jioni wakiwa bado wanavua viatu. Mimi hubandika karatasi mlangoni yenye kazi 12 hivi, kila moja ya saa moja au pungufu, na kila mtu anaandika jina lake mbele ya anayoitaka. Kubeba kuni, kupanga mpya nyuma na kuukuu mbele. Kuanika mablanketi. Kusafisha njia ya kwenda choo cha shimo cha nje na kumwaga humo ndoo ya vumbi la mbao. Kufuta madirisha. Utashangaa: mtu ambaye kwake hajawahi kushika kitambaa anakuja kukuonyesha dirisha lake.

Paa, bomba la moshi, gesi na msumeno wa injini siwapi, hata akiwa fundi huko kwao. Mmoja alinisihi nimwachie mlango uliokuwa unakwaruza sakafu. Alikuwa na haki, mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, lakini baada ya wiki tatu za jua zingerudi zenyewe. Akaupiga randa. Julai ulikuwa na pengo la kupitisha kidole, na panya wakashukuru. Tangu hapo kitu chochote cha mbao sikigusi mpaka nyumba ikauke.

Jambo jingine la paa: mchana jua likipiga, theluji iliyobaki huteleza yote kwa mkupuo. Zungushia kamba chini ya ukingo, na usiweke benchi pale hata kama ndipo penye jua zuri. Wataliweka wenyewe. Liondoe.

Jikoni, kumbuka kwamba kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa karibu nyuzi 90 tu, hivyo maharage makavu yatakuaibisha. Loweka tangu usiku au tumia sufuria ya presha. Maji ya kunywa yanayotoka kwenye kijito, yakishatokota vizuri, yaachie dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, wakati tambarare dakika 1 ingetosha. Wasikudanganye kwamba maji ya theluji ni safi; yamepita juu ya vinyesi vya wanyama wote wa bonde.

Wanaotoka kutembea waondoke kabla ya mapambazuko wakati theluji bado ni ngumu, warudi kabla haijalainika mchana, maana ndipo maporomoko ya theluji iliyolowa maji huanza. Waandike kwenye daftari wanaelekea wapi na watarudi saa ngapi. Mimi daftari hilo nalisoma saa sita kamili, na asiyerudi najua kwa jina.

Ukarabati wenyewe, ule wa spana na nyundo, uweke Jumapili baada ya mgeni wa mwisho kushuka, na ukiweza Jumatatu asubuhi. Wakiwepo, tengeneza maji, moto na choo tu. Vingine viandike. Jumamosi usiku wengine wakicheza karata mimi huzunguka na daftari, kwa sababu nyumba ikiwa na watu 15 ndani ndipo inaposema: kitanda gani kinalia, bomba gani linadondosha, ngazi gani watu wanairuka bila kufikiri. Orodha ya usiku huo mmoja ilinipa kazi za majuma matatu.

Kabla hujapanda, muulize aliyefunga nyumba valvu za kutolea maji ziko ngapi na wapi, akuchoree hata kwa mkono. Ukishafika, piga picha ya nyuma ya bafu uilete hapa. Nataka kuona kama bomba lako nalo limefanya tumbo.