Usiisingizie penseli: maswali yenu kuhusu mstari

Nina penseli ya HB tu. Mistari yangu imepauka hata nikikandamiza. Nifanyeje?

Acha kukandamiza. Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, ufundi aliousajili mvumbuzi Nicolas-Jacques Conté huko Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, risasi inakuwa ngumu na mstari unapauka. Kwa hiyo HB, ya ugumu wa kati, ukiikandamiza haiwi 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, inachimba mfereji tu. Baadaye ukipitisha kivuli juu yake, mfereji unabaki mweupe katikati ya weusi kama kovu, na hakuna raba ya kuuondoa. Tafuta 4B, ishike mbali na ncha, mkono uende kuanzia begani. Wengi wenu mnashika penseli kama mnaosaini hundi.

Mkaa na penseli, kipi bora?

Kuchora nini? Swali hili linarudi kila mara, na kila mara halina mchoro ndani yake.

Nilianza kwa penseli, nikaweka mkaa juu. Mkaa unateleza, haushiki.

Umeanza na mwisho. Mkaa hushikwa na vinyweleo vya karatasi, na grafiti yako imeshavijaza na kuvilainisha. Tangulia na mkaa. Tena uwe wa vijiti vya matawi, unaopanguswa kwa kitambaa ukikosea. Ule wa kushindiliwa una gundi ndani. Ni mweusi tii, lakini ukishaingia umeingia. Na ondoa kidole hapo! Hukuuliza, ila najua unasugua. Mafuta ya ngozi yanaacha mabaka, na mstari uliokuwa na ncha na tumbo unageuka moshi.

Kalamu ya kuchovya inakwaruza karatasi na kurusha wino.

Unaisukuma. Ncha ile ya chuma imepasuliwa katikati: ukiivuta kwa uzito kidogo, meno yake mawili yanaachana na mstari unanenepa, ukilegeza, yanakutana unakonda. Ukiisukuma, meno yanajichoma kwenye nyuzi za karatasi, kisha yanafyatuka. Zungusha karatasi, si kiwiko.

Biro inaruhusiwa?

Nani akukataze? Ukiigusisha tu inatoa mstari wa kijivu mwembamba, kitu ambacho kalamu ya felti haiwezi. Futa donge la wino kwenye ncha kila baada ya muda, na mchoro usiuache juani, wino wake hupauka.