Lisimame Kwanza, Ling'ae Baadaye: Maswali ya Wanaofufua Magari ya Zamani

Mwezi uliopita niliandika jinsi nilivyoifufua pikapu yangu ya Peugeot 404 kwenye banda nyuma ya nyumba, hapa Uyole, kazi iliyonichukua miaka mitatu. Maswali yamekuja mengi, karibu yote ya watu wanaoanza. Nimechukua machache niyajibu hapa.

Shikamoo mzee. Babu ametuachia Land Rover 109 iliyokaa chini ya mparachichi tangu 2009. Bodi haina kutu hata kidogo. Nataka nilifungue lote, nipige rangi, halafu niliunganishe upya. Nianzie wapi? (Mjukuu, Tukuyu)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu. Kwanza, usilifungue lote. Pili, hiyo bodi isikudanganye. Bodi za Land Rover za zamani ni za aloi ya aluminiamu, ndiyo maana huoni kutu. Tafuta sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, uipitishe kwenye madigadi ya mbele: haitanata. Sasa ipeleke kwenye ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, kisha kwenye chasi. Hapo itanata, maana hapo ni chuma. Na kwa mvua za Tukuyu miaka yote hiyo, hapo ndipo utakapojua kama una gari au una kumbukumbu ya babu tu.

Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chasi taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma, usiruke. Chuma kizima kinalia, sauti inakwenda mbali. Kilichooza kinajibu kama umegonga boga. Kaa zaidi kwenye lile boriti la nyuma lenye ndoano ya kuvutia na kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Chasi ile ni kama boksi, tope huingia ndani likakaa na unyevu wake, hivyo huoza kuanzia ndani na kwa nje ukaona rangi nzuri tu. Niliwahi kuitwa kukagua Land Rover ya kuuzwa, chasi imepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa. Nilipogonga mara ya tatu kichwa cha nyundo kilizama ndani. Nilipokivuta kikatoka na kipande cha gunia lililokuwa limezibia tundu, juu yake puti. Kulikuwa na mtu anataka kupakia watoto wake humo.

Ukikuta palipooza pachache, fundi wa kuchomelea anakata mpaka afike kwenye chuma kizima, ndipo anatia bati jipya. Usikubali kiraka juu ya kutu. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe: metali hizo mbili zikilowana pamoja, aluminiamu huliwa. Wakati wa kurudishia weka mpira au rangi nzito katikati yake.

Chasi ikishakuwa salama, fuata breki, kisha usukani, kisha injini, kisha umeme. Rangi ni ya mwisho kabisa. Fungua kitu kimoja, kitengeneze, kirudishe, ndipo ufungue kingine. Magari niliyoyaona yakifia kwenye mabanda ya watu, mengi yalifunguliwa yote ndani ya wiki moja ya furaha.

Injini haijawashwa miaka kumi na zaidi. Nimenunua betri mpya, nipige stata? (Msomaji wa Mbalizi)

Hapana, tafadhali. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha kwa stata unavunja ringi au unachana silinda, na injini ambayo ingepona kwa lita moja ya oili inahitaji sasa kushushwa.

Toa plagi zote. Kila tundu limiminie vijiko viwili vitatu vya oili nyepesi, uache siku nne. Kisha weka spana kwenye boliti ya puli ya mbele uzungushe kwa mkono, gia ikiwa huru. Ikigoma, rudisha nyuma kidogo, nenda mbele kidogo, ongeza oili, subiri tena. Nimewahi kusubiri wiki mbili, na ilipolegea niliisikia kwenye kiganja kabla ya kuiona.

Ikishazunguka duru mbili kamili bila kukwama, mwaga oili yote ya zamani. Mwaga na petroli: iliyolala miaka hunuka kama vanishi na huacha gundi ndani ya kabureta. Osha tangi, osha kabureta, badilisha hozi za mpira zote, kwa sababu hozi iliyokauka ikipasuka juu ya injini ya moto unapoteza gari na pengine nyumba. Safisha platini (vile vikontakti vidogo ndani ya distributa vinavyokata umeme wa plagi) na upime nafasi yake zikiwa zimefunguka. Kwa injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25 ni inchi 0.015, na mfuatano wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2. Injini nyingine ina vipimo vyake, tafuta kitabu chake.

Kamwene. Nimenunua Peugeot 504 Dar es Salaam, kule ilikuwa inakwenda vizuri. Huku Njombe inatoa moshi mweusi, haina nguvu, plagi nyeusi kama masizi. Fundi anasema injini imekufa. (Mwalimu, Njombe)

Kamwene dada. Usishushe injini bado. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na ya pwani. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ya Dar kwenye hewa ya Njombe, petroli inazidi, inaungua nusu, ndiyo masizi hayo. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopima hewa yenyewe. La kwako linakutegemea wewe.

Angalia kwanza vitu vya bure: choki imefunguka kabisa? Filta ya hewa ni safi? Kile kiboya ndani ya kabureta kinafunga petroli inavyotakiwa? Vyote vikiwa sawa, mwambie fundi aweke jeti kuu, ile yenye kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, iliyo ndogo kwa saizi moja au mbili. Ile ya zamani ifunge kwenye karatasi uitunze ndani ya gari, maana siku ukiteremka kuishi Dar lazima irudi: jeti ndogo kwenye hewa nzito ya pwani inaunguza injini. Na bado usitegemee nguvu zote za pwani. Hewa isiyokuwepo haitengenezwi na fundi.

Kagua pia mfuniko wa rejeta. Kwenye mwinuko huo maji hufikia kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ni ule mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko, kwa hiyo mpira wake ukiwa umekatika, nunua mwingine.

Kaka, mimi nafanya biashara ya mbao. Ndoto yangu tangu utoto ni Ford Mustang ya miaka ya sitini. Shemeji yangu yuko Marekani amepata ya 1967. Nikiagiza nitaweza kuifufua huku? (Mafinga)

Ndoto nzuri hiyo, na nitaichukua kwa uzito. Mustang ilitoka Aprili 1964 na ndani ya miezi 12 yaliuzwa zaidi ya magari 400,000, kwa hiyo si gari adimu, na spea zake zinatengenezwa mpya mpaka leo. Hilo linakusaidia. Lakini si kila Mustang ina V8, yaani injini ya silinda nane. Mwambie shemeji akusomee namba ya utambulisho wa gari (VIN), si ya kibao, na uangalie alama ya tano: C au A ni V8 ya lita 4.7, T ni silinda sita. Namba haibadiliki kwa kubandika nembo ubavuni.

Kisha amwage ndoo ya maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, halafu ainue kapeti. Maji yakidondoka miguuni, kutu imekula juu kule, na kupafikia ni kazi kubwa sana. Mustang haina chasi ya pekee kama Land Rover. Bodi ndiyo chasi, kwa hiyo sakafu iliyooza ni uti wa mgongo uliooza.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize. Mustang za kabla ya 1967 zina masta silinda, ile pampu kuu ya breki, ya njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Kuanzia 1967 kuna njia mbili, ila breki za kawaida bado zilikuwa za ngoma kote, za diski mbele zilikuwa za kuongeza hela. Ngoma zikipata moto breki inapotea mguuni mwako taratibu. Wewe unaufahamu mlima Kitonga, unafahamu malori yanavyoteremka pale. Weka diski mbele kabla ya kufikiria rangi wala rimu.

Injini za miaka ile zilitegemea madini ya risasi yaliyochanganywa kwenye petroli kulinda viti vya valvu. Petroli hiyo haipo tena kwetu tangu mwanzoni mwa 2006, hivyo hedi ikifunguliwa, tia viti vigumu vya valvu za ekzosi. Kuhusu usukani wa kushoto na ushuru wa uchakavu, nenda TRA uulize kabla hujatuma hata senti.

Na nikuombe uangalie pia magari yaliyolala hapa kwetu. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Gari hilo lina heshima yake, na baadhi yake yamelala kwenye nyua za watu.

Spea za gari la mwaka 1972 nitazipata wapi? (Iringa mjini)

Usitupe chochote kilichochakaa, hicho ndicho kipimo chako. Beringi nyingi hazina habari na jina la gari. Ifute mafuta usome namba: 6205 ni tundu milimita 25, nje 52, unene 15, iwe ya Peugeot au ya mashine ya kusaga. Sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, nazo huandikwa vipimo. Kilichobaki, uliza gereji za misheni na mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, kwenye stoo zao kuna vitu havijaguswa miaka mingi.

Nipulizie rangi mwezi gani? (Mwanjelwa)

Si Juni wala Julai, baridi yetu hairuhusu rangi kukauka vizuri. Wala si kipindi cha vumbi. Subiri mvua za kwanza zilaze vumbi, upige rangi mchana siku ya jua, sakafu ikiwa imemwagiwa maji.

Kadi imepotea, nianze tu kutengeneza? (Vwawa)

Usianze. Namba ya chasi na ya injini zipate majibu TRA kwanza.

Mume wangu ana Datsun 1200 pikapu uani, vipande vipande, mwaka wa tano huu. Nikimsemesha ananyamaza. Nifanyeje? (Mama wa watatu, Kihesa)

Pole mama. Kunyamaza kwake nakufahamu: kila akitoka nje anaona vipande mia tatu kwa wakati mmoja na hajui ashike kipi. Msaidie kushika kimoja. Tafuteni ndoo ndogo sita na kalamu nzito, Jumamosi moja mkae wote na watoto mpange: breki ndoo hii, usukani hii, umeme hii. Kila kitu kipigwe picha kwa simu. Halafu ndoo tano zifunikwe ziwekwe mbali, ibaki ya breki peke yake. Wili silinda (zile ndogo za kwenye magurudumu), masta silinda, mabomba, hozi. Hiyo ni kazi inayoisha ndani ya mwezi, na siku akikanyaga pedali ikawa ngumu mguuni, mwite mtoto mkubwa alisukume gari uani naye alisimamishe.