Toa kwanza mkono kwenye hicho kitufe cha kufuta

Mkuu, usifute kitu usiku huu. Umesema laptopu imejaa, nyaraka zote ziko kwenye wingu la bure, yaani hifadhi ya mtandaoni, kwa hiyo unafuta folda upate nafasi. Halafu unauliza nani anatoa nafasi kubwa ya bure, na kama nyaraka zitafunguka kwenye simu. Nafasi ni hizi: Google GB 15, na humo humo barua pepe na picha zinagombania, Microsoft GB 5, Dropbox GB 2. Haya, hilo tumemaliza.

Mimi nilifuta. Jina la huduma silitaji, maana kosa halikuwa lake. Folda ilikuwa ile inayojisawazisha na mtandao, na mimi sikujua kwamba hiyo na ya mtandaoni ni mtu na kivuli chake: huyu akiinama, na kile kinainama. Nikafuta, nikalala usingizi mnono. Kule mtandaoni vitu vikahamia kwenye pipa la taka, vikakaa siku 30, vikafutika. Mimi nimekuja kushtuka wiki ya saba.

Hata hapo sikuogopa. Nilikuwa na diski ya nje, mjanja mimi, nilishakopi folda nzima kabla ya kufuta. Nikachomeka. Majina yote yapo! Nikashusha pumzi. Kisha jicho likatua kwenye safu ya ukubwa: KB 1, yaani karibu tupu. KB 1. KB 1. Ripoti ya kurasa 60, KB 1. Orodha ya ukoo niliyoikusanya kwa wazee, ambao wawili kati yao hawapo tena wa kuulizwa, KB 1. Nikabofya, kikafunguka kivinjari na kuniambia faili halipo.

Nyaraka ulizoziandika ndani ya programu ya mtandaoni kama Google Docs, maandishi yake hayakai kwenye laptopu yako. Kinachoonekana kwenye folda ni kiungo tu cha kukupeleka huko yaliko. Kwa hiyo nilikopi anwani ya nyumba nikidhani nimehamisha nyumba. Picha na PDF zilipona, maana hizo ni mafaili kamili. Nina picha 40 za paka wa jirani, zote salama, asanteni.

Na yule jamaa aliyenishauri! Anajiita mtaalamu, ananiambia "wingu halipotezi kitu, we futa tu." Nilipomrudia akaniuliza, "Kwani hukuweka bekapu?" Bekapu si ndiyo hiyo uliyonifundisha wewe? Wingu lake lilikuja, likapita, hata manyunyu sikuyaona.

Sasa shika hili moja, mengine yaache: nakala ambayo hujaifungua intaneti ikiwa imezimwa, wewe huna nakala. Usikopi folda, pakua. Kwenye Google Docs ingia menyu ya Faili, chagua Pakua, chukua docx au odt, hayo ni mafaili kamili ya maandishi. Programu ya LibreOffice ni ya bure na inafungua aina zote mbili. Zikiwa mamia, tumia Google Takeout, huduma yao ya kupakua vitu vyako, inazigeuza zote kwa mkupuo na kukupa zipu, yaani faili moja lililofungasha mengine. Zipu hiyo iweke kwenye diski ambayo haijisawazishi na chochote. Nasema tena, na chochote. Na akaunti usiitelekeze: Google wanaweza kuifuta ile isiyoguswa kwa miaka 2, pamoja na vilivyomo.

Mtu atakuja hapa chini kusema yeye ana miaka kumi na wingu na hajapoteza hata herufi. Hongera zake. Muulizeni kama ameshawahi kuangalia safu ya ukubwa.

Kulikuwa na swali la simu pia, nimelisahau na sirudi juu kulitafuta. Wewe zima WiFi, chomeka diski, fungua mafaili matatu, moja liwe la zamani kabisa. Kisha njoo utuambie umeona KB ngapi.