Bluu ya "Tunduru" ya karati 1.7: usitume hela kabla hujaona mistari miwili

Mdogo wangu wa Nachingwea usitume hiyo hela. Hata hiyo advansi anayokuomba usitume. Post yako nilianza kuisoma juujuu nikijua ni mambo ya kawaida ya pete za uchumba, nilipofika pale ulipoandika vipimo nimeacha kila kitu nimekuja kukujibu.

Kwa wanaoingia sasa hivi, jamaa anataka pete ya mchumba wake, kuna muuzaji yuko Masasi ana jiwe la bluu anasema ni zirkoni, yaani kito cha kuchimbwa, ya Tunduru, asilia, haijawahi kupita motoni, duara, milimita 6.5, karati 1.7, anataka laki sita. Kamtumia video anaigusisha testa ya almasi, testa haijalia, akamwambia "umeona, hii ni zirkoni orijino". Jamaa anauliza bei ni sawa au anapigwa, aweke kwenye dhahabu au silva, duara au mraba, na mchumba anaweza kuivaa kila siku.

Naanza na hiyo testa maana na mimi nilioneshwa hiyohiyo, yaani ni kama wote wamesoma shule moja.

Testa ya almasi inapima kitu kimoja tu, jiwe linavyopitisha joto. Almasi inapitisha joto kwa kasi sana ndo maana testa inalia. Zirkoni hailii. Zirkonia, ile ya kupikwa maabara ambayo jina tu ndo linafanana na zirkoni, hailii. Chupa hailii. Igusishe kwenye korosho, haitalia pia. Kwa hiyo mtu akikwambia "haijalia basi ni zirkoni" amekuthibitishia kwamba si almasi, na wewe almasi hukuomba!! Hapo hujathibitishiwa chochote kuhusu ulichoomba.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Ilikuwa msimu wa korosho, malipo yameshaingia, na mtu wa Mtwara au Lindi anajua kipindi hicho kila mwenye kitu cha kuuza anajua njia ya kwako. Binti yangu alikuwa anaolewa. Nilitaka avae kitu chenye jiwe, hereni za bluu na kidani chenye mawe meupe kuzunguka la bluu, sio dhahabu tupu tu kama tulivyovaa sisi. Akaja dalali, kaletwa na mtu wa mtaani kwetu ninayemheshimu. Ana mzani mdogo, ana testa, ana tochi, anaongea kwa upole, mama mama kila neno. Kanimwagia mawe kwenye sahani kutoka kwenye kifuko kimoja cha nailoni, yanagongana yanang'aa, nami nikayapenda palepale.

Hebu shika hapo kwenye kifuko. Zirkoni ya kweli ni jiwe gumu kiasi, kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs inakaa kati ya 6.5 na 7.5, lakini ni dhaifu kwenye kingo, inamong'onyoka. Ndo maana watu wanaoijua wanaifunga kila jiwe na karatasi yake, wakiyaweka pamoja yanasagana mpaka kingo zinakuwa na vipengo. Yule bwana alikuwa na rundo kwenye nailoni moja na kila ukingo umenyooka kama wembe. Zirkonia ya maabara ni ngumu zaidi, inafika 8 na kidogo, haijali kugongana. Jibu lilikuwa kwenye sahani mbele ya macho yangu na hakuna aliyekuwa amenifundisha kuliangalia.

Nikampelekea sonara. Huyu ndo bado nina hasira naye kuliko hata dalali, kwa sababu dalali ni mpita njia lakini sonara tunajuana, kazi ya mezani ameifanya tangu nikiwa msichana. Nikamuuliza waziwazi, fundi hizi ni zirkoni? Akaligeuza kwenye mwanga akasema zirkoni safi mama, umepata. Nikanunua dhahabu, nikamlipa ufundi, akajenga vikombe vya kushikia kila jiwe kwa kipimo chake. Binti akavaa, akapendeza, picha zipo mpaka leo.

Baadae binti akahamia Arusha na mumewe, jiwe moja la hereni likalegea wakalipeleka kwa mkata mawe wa kule alirudishie. Yule kijana akachukua lupu, kioo kidogo cha kukuzia, akaliinamisha hivi na vile, akauliza mmeambiwa hii ni nini. Wakamwambia zirkoni. Akawaambia hii ni zirkonia, ya kupikwa, haijatoka ardhini. Akawawekea zirkoni ya kwake pembeni wakaangalia wenyewe, mkwe wangu ndo alinipigia kunielezea maana binti alikuwa hawezi kuongea.

Nikarudi kwa sonara. Unajua alinijibu nini? "Lakini mama si ndo hiyohiyo, zirkoni zirkonia." Hapana!! Si hiyohiyo na yeye anajua, maana angekuwa hajui asingenikwepa macho. Zirkoni ni madini, silikati ya zirkoniamu, inachimbwa, na chembe zake zilizopatikana Jack Hills kule Australia zina umri wa karibu miaka bilioni 4.4, hakuna kipande cha dunia kilichopimwa kikakutwa cha zamani kuzidi hizo. Zirkonia ni oksidi ya zirkoniamu inayeyushwa kwenye tanuru, imeingia sokoni kwa wingi miaka ya 1970 kuigiza almasi. Ni kitu kizuri, kinang'aa, mtu akikuuzia kwa jina lake na bei yake hana kosa. Kosa ni kuchukua kitu kinachouzwa kwa pakiti ukakipa jina na bei ya kitu cha ardhini.

Na hasara kubwa haikuwa hata mawe. Hii ndo nataka uielewe vizuri. Ile dhahabu ilijengwa kufuata yale mawe. Ukitaka kuweka mengine saizi haikubali, lazima uyeyushe, ufundi wote umepotea, na ukienda kuuza dhahabu yako unapewa bei ya dhahabu chakavu. Kwa hiyo jiwe feki linakula hela mara mbili, siku unayolinunua na siku unayolivunja. Wewe bado uko kwenye ile ya kwanza na hela iko kwenye simu yako, tulia.

Kanuni yangu ni hii moja na sibadiliki: bila mistari miwili hakuna hela. Nunua lupu ya mara kumi, ile ndogo ya kukunja. Zirkoni inagawa mwanga mara mbili, na inagawa kwa nguvu kweli, kwa hiyo ukitazama ndani ya jiwe, mistari ya vikato vya chini, yaani kingo za zile nyuso ndogondogo zilizochongwa, unaiona imejirudia, mmoja unakuwa miwili imelala sambamba kama reli, na jiwe lote kwa ndani linaonekana na ukungu fulani hivi. Zirkonia haigawi mwanga, mstari unabaki mmoja mkali. Chupa nayo mmoja. Spineli ya bluu ya maabara, jiwe jingine la kutengenezwa ambalo nalo linauzwa kwa jina la zirkoni, mmoja.

Lakini usitazame kwa juu tu ukaridhika!! Yule kijana wa Arusha alinielekeza kwa simu mara nyingi mpaka nikashika. Zirkoni ina upande mmoja ambao ukitazama moja kwa moja mistari haijigawi, na wakataji wengi makusudi wanauweka upande huo ndo utokee juu ili jiwe lisionekane na ukungu. Kwa hiyo ukitazama kwenye uso ule mpana wa juu unaweza kuona mstari mmoja kwenye zirkoni halali. Liinamishe, tazama kupitia vikato vya ubavuni, lizungushe taratibu. Kwenye bluu kama ya kwako ukiliinamisha itatokea tu. Kuna zirkoni za kijani zilizochakaa ndani kwa sababu ya urani na thoriamu iliyomo, hizo zinaweza zisigawe vizuri, lakini wewe hununui kijani. Na moisanaiti, jiwe jingine la kuigiza almasi, nayo inagawa, ila hiyo kwenye testa inalia, kwa hiyo ile testa ya bwana wa Masasi kazi yake ya maana ingekuwa hapo.

Sasa vipimo vyako. Umeandika mwenyewe duara, milimita 6.5, karati 1.7. Almasi ya duara ya kipimo hicho inakuja kama karati 1. Zirkoni ni nzito kuliko almasi, inakuja kama 1.3 na kidogo. Zirkonia ya maabara ni nzito kuliko zote hizo, na ndiyo inayosimama palepale kwenye 1.6 mpaka 1.7. Umeona? Hapo ndo niliposhtuka. Sikwambii nimeshathibitisha, kwa sababu zirkoni nyingi zinakatwa na kitako kinene ili zibakize uzito, na hiyo inaweza kupandisha namba. Mwambie apime na kina cha jiwe. Kina kikiwa cha kawaida, kama milimita 4 hivi, na uzito ni 1.7, hilo jiwe mimi nisingeligusa.

Halafu hiyo "haijapita motoni". Tunduru ni kweli inatoa zirkoni, tangu watu walipomiminika kule miaka ya tisini kwenye kokoto za mito inatoka pamoja na safaya na spineli, na hilo ndilo linalofanya stori yake ikubalike, nusu yake ni ya kweli. Lakini zirkoni ikitoka ardhini mara nyingi ni ya kahawia, ya machungwa, nyekundu nyekundu, ya njano. Bluu ile inayouzwa duniani karibu yote ni kahawia iliyochomwa kwenye joto kali bila hewa ya kutosha, na mawe ghafi maarufu kwa kazi hiyo yanatoka Ratanakiri kule Kambodia. Kuchomwa sio aibu, ndo utaratibu wa jiwe lenyewe na kila mfanyabiashara mkweli atakwambia. Anayekuapia kwamba bluu yake haijawahi kuona moto na anaongeza bei kwa hilo, ama hajui anachouza ama anajua sana. Mimi namuweka kwenye kundi la pili.

Na ikitokea ni ya kweli, basi usimpe sonara apige moto wa kuunganishia pete jiwe likiwa ndani. Rangi iliyokuja kwa moto inaweza kuharibika kwa moto, na nyingine hata jua kali la muda mrefu inazibadilisha. Pete imalizwe kabisa kwanza, jiwe liingie mwisho kwa mkono. Kuvaa kila siku, kufua, kuosha vyombo, kupepeta, hapana, huku kwetu mchanga uko kila mahali na mchanga ni mgumu kama hilo jiwe, kingo zitaisha. Hereni au kidani ni salama zaidi, ila kama umeshamwahidi pete basi ukingo wa dhahabu ulizunguke jiwe lote, sio vile vikucha vinne.

Kitu kingine, mwenye biashara ya vito anatakiwa awe na leseni, ya mnunuzi au ya dalali, na tangu 2019 kuna masoko ya madini mikoani kwa ajili ya shughuli hizo. Mwambie akuoneshe leseni na akuandikie risiti yenye maneno haya: zirkoni ya asili, uzito, rangi, imechomwa au haijachomwa. Yule wangu nilipomuomba karatasi alisema mama tunaaminiana. Aliyeniachia mzigo huu wa hasira mpaka leo ni yeye na hilo neno lake la kuaminiana.

Kesho mpigie, mwambie unakuja Masasi na lupu yako na utaangalia jiwe mchana nje, sio kwa tochi yake. Akikubali, piga picha kupitia lupu ukiwa umelilaza ubavu, simu ya kawaida inatosha, iweke hapa na kina cha jiwe tuhesabu pamoja kabla hujalipa. Akianza kusema kuna mteja mwingine wa Dar anakuja leo jioni, mwache huyo wa Dar alichukue.