Godi, kuhusu hiyo suti unayotaka nikushonee

Godi mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikamwekea na Anita naye asikie. Umeuliza kitu kimoja tu, kwamba umepata wingisuti, ile suti yenye mabawa ya kitambaa ya kurukia kutoka kwenye ndege, ya mtumba kwa bei ya kutupa hapo Arizona, zipu ya mkono wa kushoto inaachia katikati na mshono wa bawa la miguuni umefumuka kidogo, sasa ukija nayo Krismasi mama nitaweza kukushonea, maana fundi wa huko kakutajia bei ukashtuka. Kuweza naweza. Cherehani yangu ya Juki ipo, uzi wa nailoni upo, na zipu nene kama hizo nabadilisha kwenye mahema ya makampuni ya mlimani kila msimu. Ila mbona hujaniambia hiyo suti alikatiwa nani?

Nauliza hivo kwa sababu Anita alikaa na mimi jioni nzima na simu yake tukasoma, na kitu cha kwanza nilichokiona mimi kama fundi ni kwamba hizo suti zinakatwa kwa vipimo vya mtu, urefu wa mkono, kifua, mguu kwa ndani, kila kitu, siyo kwamba unaokota smoli au midiamu unaondoka. Sasa wewe mikono yako ni ya baba yako, mashati yote ya dukani yanakuishia juu ya kifundo, mimi ndo nimekuongezea mikono ya mashati tangu uko darasa la tano. Umesema wewe mwenyewe kile kishikio cha kutoa parachuti kiko nyuma, chini ya begi, usawa wa makalio, unatakiwa upeleke mkono nyuma ukiwa umevaa bawa ukishike uvute utupe. Kama kwapa limekatwa la mtu mwenye mkono mfupi, kitambaa kitakuvuta pale unapopeleka mkono nyuma. Ukiwa umesimama chumbani utaona uko sawa. Vaa kila kitu, na begi la parachuti mgongoni, lala kifudifudi mabawa yamekazwa, halafu ndo upeleke mkono. Kwapa halidanganyi.

Na hiyo zipu unayosema inaachia, nimeifikiria sana. Mwanzoni nilisema moyoni, aah, suti siyo parachuti, ikichanika si ni kitambaa tu, parachuti iko mgongoni na ya akiba ipo. Nikalala na wazo hilo. Asubuhi nikaona hapana. Bawa lina vitambaa viwili, cha juu na cha chini, katikati kuna mbavu za kitambaa, hewa inaingia kwa matundu ya mbele inalijaza likakaza, ndo maana mtu anakwenda mbele mita mbili mpaka tatu kwa kila mita moja anayoshuka. Upande mmoja ukiishiwa hewa na wa pili umejaa, si utazungushwa? Na zipu hiyohiyo ikigoma kufunguka parachuti ikishakunjuka juu, mikono imo ndani ya mabawa, utazifikiaje kamba za kuongozea? Kwa hiyo zipu hiyo ina kazi mbili kinyume, isifunguke kabla na isigome baadaye. Ya hema haina kazi hiyo, hema likigoma mzungu analala na baridi basi.

Mimi siku zote nawaambia na wewe umenisikia mpaka umechoka, mshono unaangaliwa kwa ndani. Nje kila mtu anajua kupendezesha.

Unamkumbuka yule kijana wa minara ya simu? Ulikuwa darasa la saba, ulikuwa unafanyia homwaki pale chini ya meza ya kukatia. Alikuja jioni, nimeshaanza kufunika cherehani, akaweka mezani mkanda wake wa kupandia mnara, ule wa njano unaopita kifuani na mapajani. Lebo ilishafutika namba. Akasema mama piga hapa mara mbili tatu, nina kazi kesho alfajiri. Nikaushika. Pale kifuani kiwanda kilikuwa kimepiga mshono wa boksi na msalaba katikati, safi kabisa, mstari mmoja wa boksi umekatika. Nikageuza kwa ndani. Nikakuta mtu keshapita hapo kabla yangu, kapiga uzi mweusi wa pamba, uzi wa suruali za shule, Godi, uzi unaoukata kwa meno, na mtoto wa watu amekuwa akining'inia nao juu huko.

Nikamwambia sishoni. Akaongeza hela, nikamwambia sishoni, mwambie bosi wako anunue mwingine. Akacheka, akasema mbele ya wateja wote barazani, kumbe wewe ni fundi wa magauni tu. Na watu wakacheka. Akavuka barabara akashonewa hapohapo ng'ambo, mlio wa cherehani nikausikia. Baada ya wiki kadhaa kapita na boda mkanda begani, akanipungia, Mama fundi, bado nipo!

Kicheko sikuumia nacho sana. Kilichoniuma na kinaniuma mpaka leo ni baba yako. Usiku tunakula akaniambia kwa upole wake ule, mama Godi, sawa umekataa, lakini wewe ndo mwenye uzi mzuri na mkono mzuri, ukimfukuza umempeleka kwa mwenye uzi mbaya, sasa nani kamsaidia huyo kijana? Sikumjibu. Mpaka tunamzika sijamjibu. Wakati mwingine naona alikuwa na haki kabisa, ningemfumulia ule uzi mweusi nikapiga nailoni angalau angekuwa salama zaidi ya alivyokuja. Halafu nasema hapana, mkanda ule ulishachoka wenyewe, uzi mpya kwenye mkanda uliochoka unampa mtu moyo wa kupanda juu zaidi. Naenda hivo narudi hivo, kila wakiniletea kitu cha kubeba uhai wa mtu narudi pale mezani.

Sasa na wewe umeniletea.

Maana nikikataa nakujua. Utaishona mwenyewe. Suruali ya kipaimara nani aliishona kwa uzi wa viatu akaingia nayo kanisani? Na humo tulimosoma na Anita mafundi na wavumbuzi wa kujishonea wamo. Kuna fundi nguo wa Paris, mzaliwa wa Austria, Franz Reichelt, mwenzangu kabisa wa sindano, alijishonea vazi la kuelea hewani, akawaambia polisi atarusha sanamu, tarehe 4 Februari 1912 akavaa mwenyewe akaruka kutoka ghorofa ya kwanza ya mnara wa Eiffel, mita 57 hivi. Akafa palepale. Nikasema haya, huyo ni wa zamani, hakujua. Lakini yule Mfaransa Patrick de Gayardon, ambaye ndo alizitengeneza hizi suti za siku hizi miaka ya 90, bingwa, alikufa Hawaii tarehe 13 Aprili 1998, na siyo kwamba suti ilimwangusha, ni marekebisho aliyoyafanya mwenyewe kwenye begi la parachuti yake. Anita aliposoma hapo nilimwambia arudie. Kama yeye aliyezivumbua alikosea kwenye kurekebisha, usinambie eti ni mshono mdogo tu.

Halafu kuna kitu kingine hukusema na mimi nakuuliza. Mikanda ya mapajani ya begi la parachuti. Ukivaa hiyo suti mikanda inabaki kwa ndani, zipu ikifungwa haionekani tena, na suti yenyewe inakubana mapaja mpaka unahisi umeshafunga. Kuna watu wamepanda ndege hawajaifunga, na wengine wamekufa hivo, parachuti ikakunjuka wao wakachomoka. Siyo wajinga, ni watu wazoefu waliokuwa wanapiga stori. Kwa hiyo kabla ya kufunga zipu za miguu shika paja la kulia, shika la kushoto, vuta, kwa mkono wako siyo kwa macho, na mwenzio akushike pia, usione aibu. Ndani, Godi, ndani.

Na kile kifaa chako cha Cypres ulichonisifia mwaka juzi ili nisiogope, kwamba ukizimia hewani kinafungua ya akiba chenyewe. Nilikuwa nalala kwa ajili ya kifaa hicho. Sasa nimesoma kwamba cha kawaida kinasubiri uwe unashuka mita 35 kwa sekunde, yaani kama kilomita 126 kwa saa, na mtu wa wingisuti akiruka vizuri anashuka polepole kuliko hapo, kwa hiyo kifaa kinaweza kukuona uko salama kumbe umezimia. Wametoa yenye mpangilio wa wingisuti. Yako ni ipi? Jibu hilo kabla hujanijibu kingine chochote.

Ulimi unaniwasha nikwambie acha kabisa. Mimi naishi chini ya huu mlima, nakumbuka 2015 wapagazi wanavyosimulia hapa barazani habari za yule Mrusi, Valery Rozov, aliyeruka na suti kutoka Kilimanjaro, walisimulia kwa furaha na mimi nilifurahi, kumwona binadamu akipita hewani juu ya mawe yale si mchezo. Mwaka 2017 akafa Nepal, kwenye mlima Ama Dablam. Ila yule alikuwa anaruka kwenye miamba, anabeba parachuti moja, na wewe umeniapia ni kwenye ndege tu, juu kabisa, na ya akiba mgongoni, na umeshavuka ile miruko 200 ambayo chama chenu cha Marekani kinataka kabla hujavaa suti, na utachukua mafunzo ya mwanzo na mwalimu. Hivo siyo vitu vidogo, navipa uzito wake. Na nakuona kwenye zile video ukitua, unavyocheka. Toka baba yako afariki sijakuona ukicheka hivo.

Kwa hiyo sisemi ruka na sisemi usiruke, ingawa unajua ningependa niseme lipi. Umri wako siyo wa kukatazwa.

Ila nakuambia hivi. Pesa ya suti usimpe mtu bado. Muulize mwenye nayo aliikatiwa nani na imesharukwa kiasi gani, na hiyo zipu iliachiaje, chini wakati wa kuvaa au hewani. Mpe yule fundi wenu mwenye cheti aiangalie hata kama hataishona, hiyo ya kuangalia nitalipa mimi, nitamtumia Anita aniwekee kwako. Mwalimu wako naye aseme kama ni ya wanaoanza, maana nasikia zile zenye bawa kubwa siyo za mtu wa kwanza.

Halafu igeuze nje ndani uiweke dirishani mchana, piga picha pale palipofumuka, karibu sana, nione uzi uliotumika na kama matundu ya sindano yamechana kitambaa au yamebaki matundu. Na zipu, piga meno pande zote mbili na kichwa chake. Usiikate hata uzi mmoja unaoning'inia.

Anita anakusalimia, anauliza tiketi umekata ya tarehe ngapi.

Mama