4BB si divisheni foo

SWALI: Nina miaka 36. Nilitolewa mayai 14 katika kituo cha upandikizaji mimba hapa Dar es Salaam. Siku ya tano nikapigiwa simu: "Mmepata viinitete vitatu, vizuri tu." Nilipobana zaidi, nikatumiwa WhatsApp: 4BB, 3BB, 4BC. Mume wangu anasema hizo alama ni za wastani, tuanze upya. Na mayai 11 yamekwenda wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Msianze upya, dada. Alama hizi hazisomwi kama matokeo ya kidato cha nne. Tarakimu, 1 hadi 6, hueleza kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika, kimetanuka kiasi gani. Kwenye 3, uwazi wenye majimaji umekijaza chote. Kwenye 4 kimezidi ukubwa wake wa awali na ganda limekuwa jembamba. 5 kinatoboa ganda, 6 kimeshatoka. Kwa hiyo 4 iko mbele ya 3. Herufi ya kwanza ni ya seli za ndani, zinazokuja kuwa mtoto. Ya pili ni ya seli za ukuta wa nje, zinazojenga kondo la nyuma. A ni seli nyingi zilizoshikana, B ni pungufu au zimelegea, C ni chache mno. Kiinitete cha 4BB vituo vingi hukipandikiza au kukigandisha bila kusita. Hiyo 4BC ndiyo dhaifu kati ya vitatu vyenu, lakini hata vya aina hiyo huzaa watoto wenye afya.

Ama mayai, hesabu yenu ni ya kawaida. Katika 14, kama 11 huwa yamekomaa. Kati ya hayo 7 au 8 hurutubishwa. Na karibu nusu ya yaliyorutubishwa hufika siku ya tano. Wengi hushtushwa na anguko la baada ya siku ya tatu. Hadi hapo kiinitete huishi zaidi kwa akiba iliyokuwa ndani ya yai, kisha hulazimika kutumia vinasaba vyake chenyewe, na kisichoweza husimama.

"Vizuri tu" si taarifa. Omba kuzungumza na mtaalamu wa viinitete wa maabara, kwani muuguzi husoma alichoandikiwa, na uombe majibu kwa maandishi. Mayai mangapi yalikomaa? Mangapi yalionekana na viini viwili, kimoja cha yai na kimoja cha mbegu, saa 16 hadi 18 baada ya kurutubishwa? (Yenye vitatu kwa kawaida huwekwa kando, lakini wapo wanaoyahesabu kwenye simu.) Kila kiinitete kilipewa alama siku gani, saa ngapi? Hili lina uzito: 3BB ya asubuhi yaweza kuwa 4BB jioni, na kiinitete husinyaa na kutanuka tena, hivyo kikitazamwa wakati kimesinyaa huonekana kibaya bure. Uliza pia kama watu wawili walikitazama, maana herufi ni jicho la mtu. Mwisho, ulizia mfumo. Maabara zinazofuata makubaliano ya Istanbul ya 2011, ya wataalamu wa viinitete, hutumia namba badala ya herufi, na humo 1 ndiyo bora.

Lakini alama haioni kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba. Katika umri wako hata 4AA yaweza kuwa na kromosomu zisizo sawa. Kipimo cha kromosomu huchukua seli chache za ukuta wa nje, nacho hukosea mara nyingine. Alama kazi yake ni kupanga kipi kitangulie kupandikizwa. Kwenu, 4BB kwanza.

SWALI: Kiinitete changu siku ya tatu: seli 8, vipande asilimia 15. Ni kizuri?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Seli 8 ndizo zinazotarajiwa siku hiyo. Vipande ni mabaki yaliyomeguka seli zikigawanyika: chini ya asilimia 10 ni vichache, 10 hadi 25 ni vya kati, zaidi ya hapo ni vingi. Chako kiko katikati. Ulizia mambo mawili ambayo hukuandikiwa: je, seli zinalingana ukubwa, na kuna yoyote yenye viini zaidi ya kimoja? La pili likiwapo, ni dosari kubwa kuliko hiyo asilimia 15.