Nimeambiwa ni Mambo ya Mimba, Lakini Kichwa Hakiniachi

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 24, mkazi wa Mbagala, na huu ni ujauzito wangu wa kwanza, ambao kwa hesabu ya kadi umeingia wiki ya 33. Kwa siku nne sasa kichwa kinaniuma upande wa mbele na dawa ya maumivu haisaidii. Nikiamka asubuhi uso umevimba hata macho hayafunguki vizuri, na pete ya ndoa niliivua kwa sabuni wiki iliyopita, haijarudi kidoleni. Juzi jioni nikiwa jikoni niliona vimulimuli vikipita mbele ya macho kwa dakika chache. Nilikwenda kwenye zahanati ninakohudhuria kliniki nikaambiwa kuvimba ni mambo ya mimba, nipunguze chumvi na nirudi tarehe yangu ikifika. Presha sikupimwa kwa sababu mashine ilikuwa imeisha betri. Mama mkwe anasema yeye alizaa watoto saba bila kuzunguka mahospitalini. Mume wangu yuko tayari kunipeleka kwingine, ila anaogopa muuguzi akijua ataona tumemdharau, na siku ya kujifungua nitakuwa mikononi mwake. Je, ni vibaya kutafuta daktari wa pili, na nikifika niseme nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilipofika nilikupigia siku hiyo hiyo kwa namba uliyotuachia, kwa sababu dalili ulizozieleza hazisubiri jarida litoke mtamboni. Nilikuambia uende hospitali jioni ile ile, usisubiri kupambazuke, na uwe na kadi ya kliniki mkononi. Kwa ruhusa yako ninaandika hapa yale ambayo hatukuwa na muda wa kuyazungumza kwenye simu, kwa kuwa barua zinazofanana na yako zinanifikia mara kwa mara, na nyingine zinafika zimechelewa.

Umeniuliza kama ni vibaya kutafuta maoni ya pili. Mimi naona kwamba hata maoni ya kwanza ulikuwa hujayapata. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 akisema kichwa kinamuuma mfululizo, uso umevimba na anaona vimulimuli, hakuna mtu duniani, awe muuguzi wa zahanati au bingwa wa Muhimbili, anayeweza kumwambia kwa kumtazama tu kwamba ni mambo ya mimba. Ni lazima presha ipimwe na mkojo uangaliwe kama una protini. Ni kweli kwamba miguu ya wajawazito wengi huvimba bila ugonjwa wowote, na pengine hilo ndilo lililokuwa akilini mwa aliyekuhudumia. Lakini uvimbe wa uso na mikono unaofuatana na kichwa na macho ni habari nyingine kabisa. Bila vipimo hivyo viwili ulichopewa kilikuwa maneno ya kukutuliza, hata kama yalitoka kwa mtu mwenye nia njema aliyechoka na foleni ya tangu alfajiri.

Ninachokihofia ni presha ya ujauzito inayoambatana na protini kwenye mkojo, ambayo isipodhibitiwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Hapa Dar es Salaam bado ziko familia zinazoona mama akitetemeka na kukakamaa zikadhani ni mapepo, zikapoteza saa zile zile ambazo sindano ya magnesiamu salfeti ingemwokoa. Ugonjwa huu huanzia kwenye kondo la nyuma na kuathiri mishipa ya damu ya mwili mzima, na kwa sababu hiyo dalili zake hutawanyika: kichwa, macho, uvimbe, na maumivu chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, ambayo kina mama wengi huyachukulia kuwa kiungulia. Mimba ya kwanza ni mojawapo ya mambo yanayoongeza uwezekano wake. Kupunguza chumvi hakuuzuii wala hakuutibu.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu, na ningependa kila msomaji avijue kwa karibu ili atambue vikirukwa. Presha hupimwa ukiwa umeketi na kupumzika kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, na mkono umewekwa usawa wa moyo. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi hurudiwa, na ikifika 160 kwa 110 ni dharura ya kutibiwa mara moja. Mkojo huchovywa kijiti chenye vipande vya rangi, na kile cha protini hubadilika kutoka manjano kuelekea kijani kadiri protini inavyozidi. Yote haya hayafiki nusu saa. Kwa hiyo ukifika kwa daktari wa pili, huna haja ya kumlalamikia wa kwanza wala kutafuta maneno makubwa. Sema: "Nina wiki 33, kichwa kinaniuma siku ya nne, nimeona vimulimuli, na presha yangu haijapimwa tangu dalili zianze. Naomba nipimwe presha na mkojo." Mhudumu yeyote aliyesomea kazi hii akisikia sentensi hiyo atanyanyuka.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Wanawake wengi wa mjini wakitaka uhakika wa pili hukimbilia kupiga utrasaundi kwenye kituo cha binafsi kilicho karibu. Wanaonyeshwa mtoto anayecheza, wanasikia mapigo ya moyo wake, pengine wanaambiwa na jinsia, wanalipa na kurudi nyumbani wakiwa na furaha. Picha ile inaeleza habari za mtoto na kondo, lakini haipimi presha ya mama. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa ameshika picha nzuri ya mtoto wake, iliyopigwa asubuhi ya siku hiyo, na presha yake ilikuwa imepita 170. Picha ilikuwa sahihi kabisa, ila swali lililompeleka kule lilikuwa jingine.

Jambo la pili ni kadi. Wako wanaoificha wakienda kwingine, ama wakitaka kumjaribu daktari mpya, ama wakiogopa kuulizwa kwa nini wamehama, na wengine hufungua kadi mpya. Usifanye hivyo. Kama miezi mitatu iliyopita ulikuwa 100 kwa 60 na leo una 130 kwa 85, namba ya leo peke yake haimshtui mtu, lakini akiiona pamoja na ile ya zamani daktari makini atakuambia urudi baada ya siku chache badala ya mwezi.

Kuhusu mahali pa kwenda, mkazi wa Mbagala anayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Wa Ilala anayo Amana, na wa Kinondoni anayo Mwananyamala. Katika siku za kawaida utaratibu ni kuanzia zahanati au kituo cha afya na kupewa rufaa. Kwenye dharura usikae ukisubiri barua ya rufaa. Dalili zako ni dharura, kama ilivyo kutokwa damu, chupa kupasuka kabla ya wakati, degedege, au mtoto kupunguza kucheza.

Yapo maswali mengine ambayo maoni ya pili huweza kutafutwa kwa utulivu. Kwa mfano, mama anaambiwa katika wiki ya 20 kwamba kondo limekaa chini na atajifungua kwa upasuaji. Mara nyingi kondo la namna hiyo huwa limepanda mbali na mlango wa kizazi kadiri mfuko unavyokua, na picha hurudiwa karibu na wiki ya 32 kabla ya uamuzi. Huyo, maadamu hatokwi damu, ana wiki kadhaa za kuuliza, na madaktari wawili wakitofautiana amwombe kila mmoja aeleze ameona nini kilichomfanya aseme hivyo. Wewe hukuwa na muda wa namna hiyo.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba watoto wake saba ni neema, na kwamba kipimo cha presha hakimdharau yeye wala uzazi wake. Naye mume wako amefanya la maana kukubali kukupeleka. Sasa ajue dalili zote nilizozitaja, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kuchanganyikiwa na kushindwa kujieleza.

Uliponipigia kutoka wodini uliniambia presha ilikutwa 150 kwa 100, mkojo una protini, na kwamba unapewa dawa huku wakimwangalia mtoto. Kaa huko mpaka wakuruhusu. Ukiruhusiwa, rudi kwa muuguzi wako na kadi ile ile, mwonyeshe yaliyoandikwa na umweleze habari ya mashine bila ukali. Wengi wao hushukuru kujua mgonjwa wao aliishia wapi. Hata baada ya kujifungua endelea kupimwa, kwa maana kifafa cha mimba huweza kumpata mama ambaye mtoto ameshazaliwa, hasa katika wiki ya kwanza. Kichwa kikirudi kwa namna ile ile ukiwa unanyonyesha, safari ni ile ile, na usiku ule ule.